Ndege Ikiwaka Moto, Abiria Washuke Mara Moja au Wangoje?

Tarehe 20 Desemba 2015, ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Mauritius kwenda Paris ilitua kwa dharura hapa Mombasa, katika Uwanja wa Moi, kwa sababu ya kitu chooni kilichodhaniwa kuwa bomu. Abiria 459 waliteremshwa kwa mitelezo ya dharura, kisha ikabainika kuwa hapakuwa na bomu. Je, ilikuwa lazima kuwashusha hivyo? Ndege inapowaka moto swali hili huwa gumu zaidi, kwani anayelijibu ana sekunde chache tu.

Wanaoshauri subira wana hoja ya kweli. Mitelezo huvunja watu miguu, wazee na wajawazito hasa, na aliyekwisha kushuka anaweza kujikuta mbele ya moto uleule. Chicago, mwaka 2016, abiria wa ndege ya American Airlines iliyokuwa ikiwaka moto upande mmoja walianza kutoka kabla injini ya upande wa pili haijazimwa, na upepo wake ukamwangusha mmoja wao akaumia vibaya. Mwaka huohuo, katika uwanja wa Changi, Singapore, bawa la ndege ya Singapore Airlines lilishika moto ikiwa na watu 241; rubani alishauriana na kamanda wa zimamoto, akawabakiza ndani mpaka moto ukazimwa, nao wakashuka kwa ngazi wakiwa salama.

Hata hivyo, matokeo mema hayathibitishi kwamba uamuzi ulikuwa mwema. Riyadh, mwaka 1980, ndege ya Saudia yenye moto ndani ilitua salama kabisa, lakini badala ya kusimama papo hapo iliendelea kutembea hadi njia ya pembeni, injini zikaachwa zikiunguruma kwa dakika kadhaa, na hakuna aliyefungua mlango kutoka ndani. Watu wote 301 walikufa. Manchester, mwaka 1985, ndege iliyokatiza safari kabla ya kuruka ilikata kona kutoka kwenye njia kuu, upepo ukausukuma moto kwenye kiwiliwili chake, na watu 55 wakafa, wengi wao kwa moshi. Sisi tunaoishi na kusi na kaskazi tunapaswa kulielewa jambo hili upesi: njia kuu ya kurukia ya Mombasa imelala karibu sambamba na pepo hizo, kwa hiyo ndege inayowaka ikikunja kuingia njia ya pembeni hujiweka ubavu kwa upepo. Heri isimame palepale, hata kama uwanja mzima utafungwa kwa saa nyingi.

Kwa maoni yangu, anayetaka abiria wabaki ndani ndiye anayepaswa kuwa na sababu: povu liwe tayari linamwagwa juu ya moto, na chumba cha abiria kisiwe na moshi hata kidogo. Changi masharti hayo yalikaribia kutimia. Riyadh hayakuwapo kabisa. Tena uamuzi usimwelemee rubani peke yake, maana kutoka mbele haoni bawa wala mkia. Katika uwanja wa Haneda, Tokyo, Januari 2024, vipaza sauti vya ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikiwaka moto vilikufa, nao wahudumu wakapaza sauti zao, wakachungulia madirishani, wakatumia milango mitatu tu kati ya minane, na watu wote 379 wakatoka hai. Mhudumu anayeuona moto dirishani, injini zikiwa zimezimwa, apewe ruhusa ya kufungua mlango wake bila kungoja amri.