DSLR ya Mtumba au Kamera Mpya Isiyo na Kioo: Hesabu Ianzie Kwenye Lenzi

Ukiuliza leo ununue kamera gani ya bei nafuu yenye lenzi za kubadilisha, jibu linakuja kabla hujamaliza swali: achana na DSLR (kamera zenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye kitazamio), zimekufa, tafuta isiyo na kioo hata kama ni ya daraja la chini kabisa. Wanaosema hivyo hawabahatishi. Mwaka 2020 ulikuwa wa kwanza ambapo watengenezaji walisafirisha kamera zisizo na kioo nyingi kuliko DSLR. Canon ilishasema kwamba EOS-1D X Mark III ndiyo DSLR yake ya mwisho ya daraja la juu. Nikon nayo imeacha kutengeneza D3500 na D5600, ambazo wengi walianzia humo. Aliyebaki akizishikilia kwa moyo ni Pentax, na wateja wake si wengi.

Sibishani na hayo. Ninachobishia ni hatua inayofuata: kumwambia mtu mwenye bajeti finyu kwamba kwa kuwa kiwanda kimehama, basi naye ahame. Gari lililoacha kuundwa kiwandani lakini bado limejaa barabarani huwa ndilo lenye vipuri vya kupatikana kirahisi, na DSLR ziko kwenye hali hiyo. Canon ilifikisha lenzi milioni 100 za EF, mfumo wa lenzi za DSLR zake, mwaka 2014, na Nikon ikatimiza lenzi zake za Nikkor milioni 100 mwaka 2016. Lenzi haizeeki kama simu. Kila mpiga picha wa kazi anayehamia mfumo mpya anauza mkoba mzima wa zana zake za zamani, na bei zinashuka bila lenzi zenyewe kupungukiwa na chochote. Zimeshuka kwa sababu mwenyewe amepata nyingine. Hali hiyo inamfaa sana mnunuzi wa kipato kidogo, na inashangaza kwamba ndiye anayeshauriwa kuikimbia.

Sasa tuje kwenye namba ambazo watu huzipita haraka. Kamera za Canon za kuanzia, kama R50 na R100, huuzwa na lenzi ya 18-45mm yenye tundu la f/4.5 hadi f/6.3 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi). Ukivuta hadi 45mm, tundu haliwezi kufunguka zaidi ya f/6.3. Nikon Z50 huja na 16-50mm, nayo inaishia f/6.3. Weka pembeni yake EF 50mm f/1.8, ile ya plastiki ya gramu 160 hivi, ambayo toleo lake la STM lilitoka mwaka 2015 na sasa imejaa kwenye soko la vitu vilivyotumika. Gawanya 6.3 kwa 1.8, unapata 3.5. Zidisha 3.5 kwa yenyewe, unapata 12 na ushee. Kilenzi hicho cha plastiki kinaingiza mwanga mara 12 ya lenzi iliyokuja kwenye boksi la kamera mpya.

Mara 12 ni nyingi kiasi gani? Fikiria ukumbi jioni, taa za manjano, watu wanacheza. Tuseme kwa f/1.8 unapata picha nzuri kwenye ISO 1600 (ISO ni kipimo cha unyeti kwa mwanga) na kasi ya shata ya sekunde 1/125. Ukiwa na f/6.3 una njia mbili. Ya kwanza ni kuishusha shata hadi 1/10, na hapo mikono ya anayepiga makofi inageuka kuwa ukungu. Kitulizi cha lenzi hakikusaidii kitu hapo, maana kinatuliza mkono wako wewe tu. Aliye mbele yako anaendelea kucheza. Njia ya pili ni kupandisha ISO hadi karibu 20,000, na ngozi za watu zijae chembechembe. Programu za kusafisha chembechembe zimekuwa hodari siku hizi, hilo nalikubali, lakini zinakisia kile ambacho kihisi, kipande kinachonasa picha, hakikukiona, na zinahitaji kompyuta yenye nguvu, gharama ambayo muuza kamera hakutajii. Wala kihisi kipya hakizibi pengo. Kihisi cha APS-C, ukubwa unaotumika kwenye kamera hizi za kuanzia, cha leo kikipewa sifa kwa ukarimu, kinakizidi cha mwaka 2013 kwa stopu moja hivi, yaani mwanga maradufu. Hapa tunazungumzia stopu tatu na nusu.

Utaniambia kwamba RF, mfumo wa Canon wa kamera zisizo na kioo, nao una 50mm f/1.8, na Z, ule wa Nikon, una 40mm f/2. Ni kweli, na ni lenzi nzuri. Ukitaka kamera moja na lenzi hiyo moja tu, hoja yangu inapungua uzito sana. Ila watu hawaishii kwenye lenzi moja. Baada ya miezi kadhaa mtu anataka pana ya majengo, kisha ndefu ya mpira au ndege, kisha ya sura. Kwenye EF utakuta 10-18mm, 55-250mm na 85mm f/1.8, zote zimeshatumika, zote zinajulikana ubora na udhaifu wake, na wauzaji wanashindana. Kwenye RF, kwa muda mrefu mwenye kamera ya APS-C hakuwa na pa kukimbilia nje ya Canon yenyewe, mpaka mwaka 2024 Sigma na Tamron waliporuhusiwa kuleta lenzi zao za otomatiki kwa kamera hizo. Tofauti ya gharama huonekana kwenye lenzi ya tatu na ya nne, wakati mnunuzi ameshafunga ndoa na mfumo.

Halafu kuna hili neno "mfumo wenye kesho", ambalo ndilo linalonikera zaidi. Samsung ilianzisha mfumo wa NX mwaka 2010 na baada ya miaka michache ikajitoa kimyakimya. Nikon ilizindua mfumo wa Nikon 1 mwaka 2011 na kuufuta 2018. Canon ilileta EF-M mwaka 2012 na kuiacha 2023. Mifumo yote mitatu haikuwa na kioo, na yote iliuzwa kwa ahadi ya kesho.

Anayeumia zaidi hapo ni mwenye EF-M, na sababu ni ya milimita. Kutoka kwenye pete inayoshika lenzi hadi kwenye kihisi, EF-M ina milimita 18 na RF ina 20. Lenzi iliyoundwa kukaa milimita 18 kutoka kwenye kihisi haiwezi kufungwa mbali zaidi ya hapo ikaendelea kuona vitu vya mbali vizuri, kwa hiyo hakuna adapta ya kawaida ya kuipeleka RF. EF ya mwaka 1987 ina milimita 44. Zimebaki 24 za wazi kati yake na RF, na adapta ya Canon inazijaza kwa mrija mtupu wenye nyaya za umeme, bila kipande chochote cha lenzi ndani. EF ya zamani ikifungwa hapo inajifokasi yenyewe, na mara nyingi kwa uhakika kuliko ilivyokuwa kwenye DSLR yake. Ukinunua EF leo kisha miaka minne baadaye ukapata uwezo wa bodi mpya, lenzi zako unahama nazo. Lenzi ya RF haiwezi kurudi kwenye DSLR hata kidogo. Yaani aliyenunua mfumo "uliokufa" ana njia ya kwenda mbele, na aliyenunua EF-M kwa jina la kesho hana.

Upande wa pili una nguvu zake, tena mahali ambapo hesabu yangu ya mwanga inaweza kugeuka dhidi yangu. Kwa f/1.8 eneo linaloonekana kwa ukali ni jembamba mno. Jicho likiwa kali, sikio tayari limefifia. DSLR za kuanzia zina nukta chache za fokasi, D3500 ina 11 tu, na mfumo wao wa fokasi uko kando na kihisi, kwa hiyo unaweza kukosea kwa sentimita kadhaa bila kukuambia. Kamera isiyo na kioo inapima kwenye kihisi chenyewe na inaling'ang'ania jicho la mtu hata akitembea. Mzazi anayepiga picha mtoto asiyetulia atapoteza picha nyingi kwa DSLR ya zamani yenye f/1.8, na mwanga wote ule mara 12 hautamfaa kitu ikiwa fokasi imekaa kwenye nywele.

Kwenye video, mjadala umekwisha. DSLR nyingi za zamani zikiwa kwenye video hutafuta fokasi kwa kwenda na kurudi kama zimepotea. Zilizookoka ni za Canon zenye Dual Pixel, yaani zinazopima fokasi kwenye kihisi chenyewe wakati wa video, kuanzia 70D ya mwaka 2013, na baadaye 80D, 200D na 250D. Pia kwa anayeanza, kuona kwenye kitazamio jinsi picha itakavyotoka kabla ya kubonyeza kunafundisha haraka kuliko kitabu chochote. Uzito nao si jambo dogo, kwa sababu kamera inayoachwa nyumbani haipigi picha. DSLR inajibu kwa betri tu: D3500 imepimwa kwa picha 1,550 kwa chaji moja, na Sony A6000 kwa 360 hivi.

Kwa hiyo ningegawa hivi. Anayetaka video kwanza, au anayejua kwamba kamera kubwa hataibeba, anunue isiyo na kioo, lakini ya mtumba na kwenye mfumo ulio wazi. Sony ilifungua vipimo vya msingi vya E, mfumo wake wa lenzi, kwa watengenezaji wengine tangu mwaka 2011, na ndiyo maana lenzi za Sigma na Tamron zimejaa huko. Micro Four Thirds, iliyoanza 2008 kwa ushirikiano wa Olympus na Panasonic, ina lenzi nyingi ndogo za bei ya chini. Anayetaka picha za mnato, za watu, za shughuli za ndani na za michezo, na pesa yake ni ya kuhesabu, achukue DSLR ya Canon yenye Dual Pixel, 200D kwa mfano. Ile lenzi ya boksi asihangaike nayo. Fedha itakayobaki iende kwenye 50mm, kisha 55-250mm.

Mtumba una masharti yake. Washa tochi ya simu, ipitishe kwa nyuma ya lenzi huku ukichungulia kwa mbele kwa mshazari. Vumbi kidogo si tatizo. Ukiona nyuzi nyembamba zilizojitawanya kama mizizi, hiyo ni kuvu, irudishe. Angalia na mapanga ya tundu kama yana mafuta. Kwenye bodi, piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya kihisi, na uliza shata imepiga mara ngapi. D3500 ilipangiwa mara 100,000.

Kwa Nikon kuna mtego wa ziada. Familia za D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi, kwa hiyo 50mm f/1.8D, ambayo wauzaji huisifia kwa bei yake, itafokasi kwa mkono tu ukiifunga humo. Adapta ya FTZ ya kwenda Nikon Z nayo haina mota, kwa hiyo hata ukihamia mbele tatizo linakufuata. Mwenye lenzi za AF-D za urithi, yaani za aina hiyo inayotegemea mota ya bodi, afadhali atafute D7000 ya mwaka 2010, yenye mota yake, kuliko D3500 iliyotoka miaka minane baadaye.