Kabla hamjaniomba maoni, niambieni nimekufaje

"Jifunze kucheza kwanza." Hilo ndilo jibu ambalo mkongwe mmoja alimpa mpwa wangu kwenye chati ya gemu, baada ya kijana kuandika kwamba haelewi kinachomuua. Hata hajamaliza kulisoma, gemu yenyewe ikamtolea nyota tano za kubonyeza na swali lililojaa uchangamfu: umefurahia? Mtoto kafa kabla hajazoea vitufe, halafu anaulizwa kama amefurahia. Akabonyeza nyota moja akaenda zake kuangalia mpira.

Nasema zile gemu za matofali yanayoshuka, yaani Tetris, za kushindana na watu kwenye kivinjari, ukoo wa TETR.IO na Jstris. Ninayoicheza mimi siitaji, maana lalamiko hili linauhusu karibu ukoo mzima. Sisi wa rika fulani tulilelewa na kile kidude cha mkononi cha betri, kilichojigamba kuwa na gemu 9999 kumbe ni zile zile chache zinajirudia. Pale ukifa umejiua mwenyewe. Umepanga ovyo, umeacha mashimo, ubao umejaa hadi juu, kwisha. Kwenye kushindana unauawa na mtu, na hakuna anayekwambia alikuua kwa nini wala kwa silaha gani.

"Mjomba, hii mistari ya kijivu inatoka wapi?"

Swali la mpwa wangu hilo, huku ubao wake ukisukumwa kutoka chini. Nikajaribu kumweleza, na nilivyoendelea kueleza ndivyo hasira zilivyonipanda, kwa sababu hakuna hata kimoja katika niliyokuwa nasema ambacho mtu angeweza kukijua kwa kutazama tu. Ukifuta mstari mmoja, mpinzani hapati kitu. Sifuri. Ukifuta miwili anapelekewa mmoja wa takataka, ndiyo hiyo mistari ya kijivu, mitatu anapelekewa miwili, minne kwa mpigo anapelekewa minne. Kwa hiyo mgeni anayefuta mmoja mmoja kwa bidii, jasho linamtoka, anajiona shujaa, huenda hajamgusa mtu tangu aingie. Hapo hatujafika kwenye T. Kile kipande cha T ukikizungusha kikajipenyeza chini ya paa kisha kikafuta mistari miwili, unapeleka minne, sawasawa na aliyesubiri kipande kirefu mpaka akafuta minne. Na ule mstari mwekundu unaopanda pembeni mwa ubao si pambo. Ni takataka zilizo njiani, na ukiwahi kushambulia kabla hazijaingia unazipunguza. Mpwa wangu alidhani unaonyesha chaji.

Kwenye bao ukiliwa unaziona kete zako zikihamia kwa mwenzio, na mzee aliyekaa pembeni atakutangazia ulipokosea hata kama hukumwomba. Hapa ukifa unapewa takwimu. Vipande kwa sekunde, mashambulizi kwa dakika, na desimali zake juu. Nani kaziomba? Anayejua maana yake tayari anajua kwa nini alishindwa, na asiyejua anaona namba za benki.

Ninachotaka ni sentensi moja. "Ulipelekewa mistari minane ndani ya muda mfupi, na hukufuta zaidi ya mmoja kwa wakati." Au: "Takataka zilikuwa njiani, ungefuta miwili ungepunguza mmoja." Kompyuta haina cha kubahatisha hapo. Nyingi ya gemu hizi zinakuwekea marudio ya mechi nzima ukitaka, kila kitufe kilichobonyezwa na kila kipande kilikoangukia. Ushahidi wote upo, muuaji anajulikana, na maiti ndiye anayeombwa nyota.

Halafu tazama maoni yanatoka kwa nani. Aliyeshindwa bila kuelewa haandiki chochote, anafunga kivinjari. Wanaobaki na kuandika kurasa nzima ni wale ambao vidole vyao vilishazoea, na wanachotaka ni mchezo uwe na kina zaidi. TETR.IO ilipobadilisha kanuni mwaka 2024, kupenyeza vipande vingine kwa kuvizungusha nako kukaanza kuthaminiwa, si T peke yake. Ni tamu, sikatai, nami nimeonja. Ila ni chumba kingine kimeongezwa ghorofani wakati mlango wa chini haufunguki.

Sasa niwe mkweli, ingawa sipendi: malalamiko mengi ya wageni nayo ni upuuzi. Yule anayeapa kwamba gemu inamnyima kipande kirefu makusudi, namwonea huruma tu. Siku hizi vipande saba vyote huchanganywa kwenye mfuko mmoja, vinatoka vyote saba, ndipo mfuko mwingine unachanganywa. Kati ya kirefu kimoja na kingine haviwezi kupita vipande zaidi ya 12. Wenzetu waliocheza ile ya Nintendo ya mwaka 1989 ndio walioujua ukame, maana pale mfuko haukuwapo.

Na wanaoilaumu intaneti pia waiache ipumue. Tuliokuwa Dar Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, tunajua intaneti mbovu ikoje. Lakini kwenye hizi gemu ubao wako unaendeshwa na mashine yako mwenyewe. Mtandao ukizubaa, kinachochelewa ni mashambulizi ya mwenzio, si vidole vyako. Ukiona kipande kinachelewa kusogea, mara nyingi ni mipangilio ya vitufe, ule muda gemu inaosubiri ukiwa umeshikilia mshale kabla kipande hakijaanza kukimbia. Upunguze. Ila nani alimwambia mgeni kwamba mpangilio huo upo? Umefichwa kwenye menyu, kwa vifupisho vya herufi tatu tatu.

Vitufe vya kugusa kwenye simu ni balaa, na hapo sina la kuongeza.

Najua jibu linalofuata: gemu ni ya bure, inaendeshwa na mtu mmoja au wachache, shukuru. Nashukuru. Tetris Friends, tovuti ya kuchezea Tetris bure, ilipofungwa Mei 2019 watu walibaki bila pa kwenda, na waliotupokea ni hawa hawa wachache. Simdai mtu kama huyo seva Nairobi, wala michoro mipya, wala mashindano ya pesa. Lakini yule aliyepata muda wa kutengeneza dirisha la nyota tano, likachipuka kwa mbwembwe mara tu unapokufa, na kulipanga lije kwa wakati aliouchagua, muda alikuwa nao. Alichagua kuutumia kuuliza.