Toileti pepa ya bei ndogo inaonewa

Juzi dukani kwa Mangi, mtaani kwetu Sinza, dada mmoja alirudisha roli ya toileti pepa aliyokwisha kuishika. "Hii ya kijivu siingizi ndani kwangu," akasema, akaongeza hela na kuchukua yenye jina.

Simlaumu. Nyingi za majina makubwa hutengenezwa kwa nyuzi mpya za miti, ndiyo maana ni laini na hazimwagi vumbi. Mwenye bawasiri au mama aliyetoka kujifungua anunue hizo, hapo sina ubishi.

Ila ukijivu si uchafu. Ni mabaki ya wino wa karatasi zilizokwisha kutumika, ambazo zimelowekwa zikawa rojo, zikaoshwa, kisha zikakaushwa juu ya pipa kubwa la chuma lenye moto wa mvuke. Weupe nao ni kazi ya dawa tu.

Halafu tutazame tunavyoitumia. Dar wengi wetu tunaanza na kopo la maji, karatasi inakuja mwisho kufuta unyevu. Lawama kwamba ya bei ndogo inatoboka inamfaa anayeiachia kazi yote. Tena ule wepesi wake una faida: tumbukiza kipande kwenye glasi ya maji, koroga kidogo, kinasambaratika. Nyumba nyingi hapa mjini zinategemea shimo, na anayemlipa mwenye gari la majitaka anajua thamani ya karatasi inayoyeyuka haraka.

Kinachoniumiza mimi ni kipimo. Karatasi hizi, tabaka moja huwa na gramu 15 hadi 18 hivi kwa mita ya mraba. Tuchukue 17. Roli ya vipande 200, kila kimoja sentimita 10 kwa 10, ni mita za mraba 2: tabaka moja inatoa gramu 34, tabaka mbili gramu 68. Tuseme ya kwanza ni shilingi 500 na ya pili, yenye jina, 1,200. Gramu moja ya ile nafuu inakugharimu chini ya shilingi 15, ya yenye jina karibu 18. Hiyo tofauti ndiyo unayolipia jina na ulaini.

Lakini punguza vipande vibaki 140, nenepesha kile kibomba cha boksi katikati ili roli ionekane imejaa, na gramu ya ile ya 500 inapanda hadi shilingi 21. Hapo maskini ndiye analipa zaidi, na hajui, maana kwenye karatasi ya nje hakuna idadi ya vipande wala uzito. Wanaofanya hivyo ndio wanaoziharibia jina roli zote za bei ndogo, hata zile za haki, halafu lawama inaangukia rangi.

Mizani ya sukari ilikuwa pale pale kaunta. Yule dada angeomba roli zote mbili zipandishwe, Mangi asingekataa.