Gari la Kuringia

Nikiwaambia watu kwamba kwetu Amu, yaani mji wa Lamu, hakuna magari barabarani, Wamarekani wananionea kijicho na Wakenya wenzangu wa bara wananihurumia. Wote hawajanielewa, ila hawa wa pili wamezidi.

Naishi mashariki mwa Los Angeles, mji ambao mtu huwasha gari kwenda kununua maziwa. Barabara kuu zilipojengwa zilipasua mitaa ya wanyonge, Boyle Heights hasa, na watu wengi wakavunjiwa nyumba. Bila gari hapa kazi huifiki, hospitali huifiki, na jirani mwaweza kupakana miaka usimjue jina. Hilo sina la kulisifia.

Lakini Wamarekani wenye asili ya Meksiko wa upande huu ni watu wa maarifa. Walichukua Chevrolet kuukuu wakazishusha hadi zikakaribia kugusa lami, wakazipaka rangi tabaka juu ya tabaka, kisha jioni za wikendi wakawa wanazipitisha barabara ya Whittier Boulevard taratibu, madirisha wazi, muziki juu. Ndizo zinazoitwa loraida. Taratibu ndiyo mchezo wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sheria ya California ikakataza bodi ya gari kushuka chini ya rimu. Mafundi wakafunga pampu za haidroliki zilizotolewa kwenye ndege: polisi akitokea, unabonyeza swichi gari linapanda, akishapita, unalishusha. Baadaye kurusharusha gari kukawa mashindano yenye watazamaji wake.

Nimesimama karibu na Chevrolet Impala moja pale kituo cha mafuta. Viti vya mahameli nyekundu, buti limejaa betri, na juu yake amechorwa Bikira Maria wa Guadalupe kwa brashi nyembamba mpaka kope unaziona. Mzee mwenyewe alikuwa akifuta vumbi ambalo mimi silioni. Gari maarufu kuliko yote ni Gypsy Rose, Impala ya 1964 ya marehemu Jesse Valadez, iliyochorwa mawaridi mwili mzima. Mwaka 2017 iliwekwa ndani ya kioo mjini Washington, watu waitazame kama kito. Na wakati huohuo miji kadhaa ya California ilikuwa bado na marufuku, tangu miaka ya 1980, ya kuzungukazunguka na magari hayo! Sheria ya jimbo iliyoziondoa marufuku hizo ilianza kutumika Januari 2024.

Mimi naona watu hawa walikuwa wanajitengenezea baraza. Mji uliwanyima pahali pa kukaa na kutazamana, wakalifanya gari ndilo kibaraza, wakatumia pesa na miaka mingi kupata kitu ambacho Usita wa Mui, njia kuu ya Amu, unakupa bure kila baada ya Alasiri: kupita polepole, kusalimiwa, kusemwa kanzu yako.

Na kuringa kwa chombo sisi hatukufundishwa na mtu. Siku ya mashindano ya mashua, mtazame nahodha. Ubavu umepakwa rangi mpya, jina limeandikwa kwa madaha, tanga limeshonwa upya, na vijana wamening'inia kwenye ubao upande wa upepo, maji yanawapiga mgongoni. Ufukweni wanawake wanapiga vigelegele, na watu wa Mkomani na Langoni, pande mbili za mji, wanakejeliana mpaka usiku. Loraida na mashua ni ndugu, ila mashua haikuvunja nyumba ya mtu ili ipate njia.

Sasa Amu kuna bodaboda. Baadhi ya wazee wanawatukana vijana kana kwamba wameleta maradhi. Mimi siwatukani. Kijana anatafuta riziki, punda naye ana gharama zake, na mama mwenye uchungu wa kuzaa saa nane za usiku hana haja ya kuambiwa kwamba UNESCO ilituorodhesha kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Zipite nyuma ya mji, ziende kijiji cha Shela, zibebe wagonjwa na saruji. Lakini ndani ya vichochoro, ambapo punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja angoje, pikipiki itaingia tu kwa kumtoa mtu barazani pake. Hapo mimi nasema hapana, hata mkiniambia nimekaa sana ugenini.

Kijana wa Amu anayetaka kuonekana na chombo chake, mashua zipo zinaoza pwani. Aanze kuitengeneza moja, rangi nitanunua mimi.