Dawa ya Malaria Inayong'aa na Damu Isiyokatika

Mwezi uliopita, hapa Busia, mtoto wa jirani yangu aling'olewa jino. Ana miaka tisa, ana ualbino. Jino lilitoka bila shida. Damu ndiyo iliyokataa kukatika. Saa nne usiku mama yake alikuwa bado anabadilisha pamba, na kanga aliyomlaza mtoto juu yake imelowa. Asubuhi akapimwa damu. Majibu: chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, zipo za kutosha. Wakarudishwa nyumbani.

Jibu hilo halijaniridhisha hadi leo. Mwaka 1959, madaktari wawili wa Chekoslovakia, František Heřmanský na Pavel Pudlák, walieleza ugonjwa wa kurithi ambao mtu huzaliwa na ualbino na damu yake huchelewa kukatika. Ndani ya chembe sahani mna vifuko vidogo mno vyenye kemikali kama serotonini, kalsiamu na ADP. Mshipa ukikatika, kemikali hizo humwagwa ili kuziita chembe nyingine zije kuziba. Mwili huvitengeneza vifuko hivyo kwa njia ileile inayotengeneza vifuko vya rangi ya ngozi na macho, kwa hiyo hitilafu moja huharibu huku na huku. Ukizihesabu chembe, utazikuta zimetimia. Zimekuja mikono mitupu.

Kinachofichua upungufu huo ni mepakrini. Ndiyo, dawa ya zamani ya malaria, vile vidonge vya manjano walivyomezeshwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Maabara huichanganya na chembe sahani, nayo hujikusanya ndani ya vifuko. Ukiimulika chini ya hadubini kwa mwanga wa buluu, chembe zenye afya huonyesha vinukta vinavyong'aa. Za mgonjwa huwa na vichache mno, au hazina kabisa.

Sisemi mtoto huyu anao. Ugonjwa ni adimu, na watu wengi wenye ualbino Afrika Mashariki wana aina isiyogusa damu. Unajulikana zaidi kaskazini magharibi mwa Puerto Rico, mtu 1 kati ya 1,800 hivi. Lakini kumuuliza mama, "Huyu huvilia damu ovyo? Hutokwa damu puani?" ni kazi ya nusu dakika, na ilipaswa kufanywa kabla ya koleo kuingia mdomoni. Aspirini nayo, inayozidhoofisha chembe hizo zaidi, hapa sokoni unauziwa bila swali hata moja.

Mama yake ameshaandika kwenye daftari la kliniki la mtoto, ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu: ASIPEWE ASPIRINI. ALITOKWA DAMU USIKU KUCHA.