Kabla ya Kabala: Je, Elimu ya Siri Ina Umri?

Mswahili akisema "nimekubali", ametamka mzizi uleule uliozaa neno Kabala, jina la elimu ya siri ya Wayahudi juu ya Mungu. Kwa Kiebrania Kabala ni upokezi, yaani kitu ulichotiwa mkononi na aliyekutangulia, naye alitiwa na wa kabla yake. Kwa Kiarabu mzizi huohuo ndio uliotupa kubali, na kibla pia. Naanza na neno kwa sababu ugomvi ninaotaka kuuchambua umo ndani yake. Mtu akiikuta elimu hii kitabuni, peke yake, bila mwalimu, amepokea au ameokota?

Wengi waliosikia habari za Kabala wamesikia sharti moja: usiiguse hadi utimize miaka 40, uwe na mke, uwe umeshiba Torati na Talmudi. Hudhaniwa ni amri ya tangu na tangu. Sivyo. Mishna, mkusanyo wa sheria za Wayahudi uliofanywa mwanzoni mwa karne ya 3, haitaji umri. Inachosema ni kwamba habari za Gari la Enzi, yale maono ya nabii Ezekieli, asifundishwe hata mwanafunzi mmoja, ila awe na hekima na uwezo wa kujifahamia mwenyewe. Umri uliandikwa kwenye marufuku ya marabi huko Brody, mji ulio Ukraine ya leo, mwaka 1756: Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, kisisomwe kabla ya miaka 30, na maandishi ya Isaac Luria, mwalimu wa karne ya 16, kabla ya 40. Kati ya Mishna na Brody kuna mkasa, lakini mkasa hautaeleweka bila mafundisho yenyewe.

Kabala inaanza na swali ambalo kila dini ya Mungu mmoja hulikuta njiani. Mungu asiye na mpaka, wanayemwita Ein Sof, "Bila Mwisho", anagusanaje na dunia hii yenye njaa na madeni? Jibu lao ni sefiroti kumi, kama mifereji ambayo kwayo Asiyesemeka anajidhihirisha: hekima, ufahamu, rehema, hukumu, na kuendelea hadi wa kumi, ufalme, unaoigusa dunia. Rehema ikizidi bila hukumu, mambo huharibika. Hukumu ikizidi bila rehema, vilevile. Matendo ya binadamu nayo hutikisa mizani hiyo. Wapo Wayahudi walioudhika tangu zamani: Wakristo wanao watatu, walikejeli, na hawa sasa wanao kumi. Wanakabala hujibu kwamba mwali ni mmoja, vioo ndivyo vingi. Jibu hilo linanitosha nusu tu, maana Zohar huzisimulia sefiroti zikipendana na kukasirikiana kama watu wa nyumba moja.

Kisha akaja Luria. Alifika Safed, Galilaya, mwaka 1570, akafundisha kwa takriban miaka miwili, akafa kwa tauni mwaka 1572. Yeye mwenyewe aliandika kidogo sana. Mwanafunzi wake Hayyim Vital ndiye aliyetuachia mengi. Alifundisha kwamba kabla ya kuumba, Mungu alijikunja, akaacha nafasi. Tendo hilo wanaliita tsimtsumu. Nuru ikamiminwa katika vyombo, vyombo vikashindwa kuistahimili, vikapasuka, na cheche zikatawanyika na kunaswa ndani ya maganda ya dunia. Kazi ya mtu ni tikuni, kutengeneza kilichovunjika: kila sala, kila tonge lililotajiwa Mungu, linainua cheche. Gershom Scholem, msomi aliyeijenga taaluma hii katika karne ya 20, alisikia humo kilio cha watu waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492: hata Mungu yuko uhamishoni. Msomi mwenzake, Moshe Idel, alimpinga, akisema mawazo hayo yana mizizi ya zamani zaidi. Hata akishinda Idel, naelewa kwa nini mkimbizi angelishika fundisho hilo.

Sasa mkasa. Mwaka 1665 kijana msomi, Nathan wa Gaza, alimtangaza Shabbetai Zvi, mzaliwa wa Izmir, kuwa ndiye Masihi. Kuanzia Yemen hadi Amsterdam watu walifunga saumu na kuuza mali wakingoja safari ya kurudi. Septemba 1666 Masihi aliwekwa mbele ya Sultani wa Waosmani, akasilimu. Wengi walirudi makwao kwa aibu. Wengine walichomoa maelezo kwenye fundisho la Luria: ikiwa cheche zimenaswa ndani ya maganda, basi Masihi hana budi kuingia humo gandani kuzitoa. Kutoka hapo hadi "dhambi yenyewe ni ibada" palikuwa hatua moja, na katika karne ya 18 wafuasi wa Jacob Frank, aliyejidai mrithi wa Shabbetai, waliivuka. Marufuku ya Brody yalitolewa dhidi ya hao. Kwa hiyo wenye kutetea uzio huu wa umri hawautetei kwa wivu wa elimu. Walishaona jamii nzima ikiyumbishwa na fumbo lililosomwa vibaya.

Hoja hiyo ni nzito, lakini ina ufa. Luria alizaliwa 1534, akafa 1572, ana miaka 38. Kwa kanuni ya Brody asingeruhusiwa kusoma maandishi yanayobeba jina lake. Tena Shabbetai Zvi hakuwa mbumbumbu aliyeokota kitabu sokoni. Alisomea, na marabi wengi waliomwamini nao walisomea. Ambao hawakuwa na pa kushika ni umma. Waliletewa hitimisho, hawakuwahi kuonyeshwa hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo uzio ulilificha. Zohar inajitambulisha kuwa maneno ya Rabi Shimon bar Yochai wa karne ya 2, ilhali ilianza kuonekana Castilia, Uhispania, mwishoni mwa karne ya 13, mikononi mwa Moses de León. Alipofariki mwaka 1305, Isaac wa Akko, aliyekuja Uhispania kuutafuta ukweli, aliambiwa kwamba tajiri mmoja wa Ávila alitaka kumwoza mwanawe kwa binti wa marehemu ili apate nakala ya kale. Mjane akajibu kuwa nakala hiyo haipo. Mumewe aliandika kutoka kichwani, kwa kuwa jina la Rabi Shimon lingeuza zaidi. Isaac hakuyasikia kwa mjane mwenyewe, kwa hiyo si ushahidi wa kufungia kesi. Hata hivyo Leon Modena wa Venice aliushambulia ukale wa Zohar mwaka 1639, na mwaka 1768 Jacob Emden, mwenyewe mwamini wa Kabala, alionyesha sehemu zake nyingi kuwa za baadaye. Kilichomsukuma Emden ni vita vyake na mabaki ya wafuasi wa Shabbetai. Uchambuzi huo wa Emden, ambao ungewasaidia watu mwaka 1665, ulikuja karne moja baada ya maafa.

Msomaji wa pwani hahitaji kwenda Safed kuuelewa mvutano huu. Watu wa tarika wanajua dhahiri na batini, wanajua kwamba nyiradi fulani hazisomwi bila ijaza ya shehe. Hata hesabu ya herufi, ambamo kila herufi ina namba yake, ni ndugu: abjadi ya wana falaki wetu na gematria ya Wayahudi zinagawana thamani zilezile hadi 400. Neno la Kiebrania la "mmoja" ni 13, na ahad ya Kiarabu ni 13. Neno lao la "upendo" nalo ni 13, na 13 mara mbili ni 26, thamani ya herufi nne za Jina la Mungu. Ni hesabu tamu, ila kwa hesabu hiyohiyo wapo waliothibitisha Umasihi wa Shabbetai Zvi.

Leo uzio umelala. Mwimbaji Madonna, aliyejifunza Kabala, alijichukulia jina la Kiebrania, Esther, mwaka 2004, na nyuzi nyekundu za kufunga mkononi zinauzwa kama hirizi za kijicho. Wanaochukia biashara hiyo husema hayo ndiyo matunda ya kufungua mlango. Mimi naona kinyume: uzi hauhitaji usome chochote, na aliyeuvaa hajaingia popote. Ninachokubaliana na marabi wa zamani ni kuhusu mazoezi. Kufunga, kukesha na kurudiarudia majina matakatifu bila mtu wa kukwambia "pumzika, ule" si mchezo. Kitabu ni jambo jingine. Zohar ilishatafsiriwa kwa Kiingereza, juzuu 12, zilizotoka kati ya 2004 na 2017, tanbihi zimejaa kila ukurasa. Anayeifungua akitafuta bahati huchoka mapema. Anachokikuta ni marabi wakisafiri, wakisimama chini ya mti au wakimkuta mpanda punda njiani, na kubishana hadi alfajiri juu ya neno moja la Mwanzo.