Rubani asiyejua lugha ya nahodha

Matangazo ya skolashipu za Japani yakitoka, simu yangu haitulii. Wadogo zangu wa chuo, watoto wa majirani, hata mwalimu mmoja wa sekondari wa hapa Tanga, wote wananiuliza yale yale: barua ya maombi iandikweje, profesa wa kule atafutwe vipi, posho inatosha? Hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya Kijapani. Nami enzi zangu sikuuliza, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa msomaji ambaye hajaufuatilia mkondo huu: Juni 2013, kwenye mkutano wa tano wa TICAD, ule wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, mjini Yokohama, Waziri Mkuu Shinzo Abe alitangaza kwamba Japani itawapokea vijana 1,000 wa Kiafrika katika miaka mitano, wasome shahada ya uzamili, kisha waingie kwenye kampuni za Kijapani kujifunza kazi. Mpango ukaitwa ABE, chini ya JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, na kundi la kwanza likafika mwaka 2014. Kuna pia ufadhili wa serikali ya Japani kupitia wizara yake ya elimu, MEXT, ambao walimu wetu wa vyuo bado wanauita Monbusho, kwa jina la zamani la wizara hiyo. Mimi nilikwenda kwa mmojawapo wa ufadhili wa namna hii. Upi, si muhimu, maana kosa ninalolisimulia ni langu.

Wahitimu wa ABE, kwa Kijapani, huelezwa kwa neno *mizusaki annainin*. Nilipolielewa neno hilo nilinyamaza kidogo, kwa sababu sisi wa pwani tunalo. Ni rubani. Siku hizi ukisema rubani watu wanatazama juu, wanatafuta ndege. Rubani wa kwetu wa zamani alikuwa wa majini: chombo kigeni kikikaribia, yeye ndiye anayeijua miamba na mikondo ya bandari yake, naye humwelekeza nahodha mpaka gatini. Kampuni ya Kijapani ikitaka kuja Afrika, mhitimu ndiye aiingize bandarini.

Sasa rubani huyo atamwambia nini nahodha ikiwa hawasikilizani?

Masomo tunasoma kwa Kiingereza. Silaumu hilo, bila hivyo wengi wetu tusingekanyaga kule. Lakini Kiingereza hicho kinakujengea nyumba ndogo ndani ya Japani, na unaweza kukaa humo miaka miwili bila kutoka. Nilikaa Niigata, ambako theluji ya Januari inapita kiuno. Nilisoma kwa Kiingereza, nikapika na Mkenya na Mwethiopia, nikaongea Kiswahili kila Jumapili. Kijapani changu kilikuwa cha dukani: *arigatō* (asante), *sumimasen* (samahani), na kuonyesha kidole. Alama zangu zilikuwa nzuri na nyumbani walifurahi.

Kisha nikapelekwa kiwandani kwa mafunzo ya kazi. Kilikuwa kiwanda kidogo cha pampu za maji, watu wasiofika hamsini. Mkuu wa karakana alikuwa mzee wa miaka sabini hivi. Wiki ya kwanza aliniita kwenye pampu iliyokuwa ikifanyiwa majaribio, akaweka kiganja juu yake, akakishika changu akakiweka pembeni ya chake. Akasema, "*Oto*." Sauti. Hilo nililijua. Baada ya hapo akaeleza kwa muda mrefu, nadhani robo saa, macho yakimng'aa, jinsi beringi inavyoanza kuharibika kabla kipimo chochote hakijaonyesha. Nasema nadhani kwa sababu niliyapata hayo kwa ishara za mikono yake. Programu ya kutafsiri kwenye simu ilinipa maneno yaliyovunjika, mashine zikinguruma. Mimi nikawa naitikia "*hai, hai*", yaani ndiyo, ndiyo, kama nilivyowaona wengine wakifanya.

Mzee yule aliongoza watu maisha yake yote. Alijua kwamba sielewi. Akanyamaza, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima, akaondoka. Kuanzia siku hiyo nilipewa kazi za kupima vipande na kujaza fomu, na kila mtu alinitendea wema mpaka siku ya kuaga. Hakuna aliyenifundisha tena.

Japani inazeeka. Zaidi ya robo ya watu wake wamefika miaka 65, na viwanda vidogo kama kile vinafungwa kwa kukosa mrithi. Ujuzi wa namna ile hauko kwenye vitabu vya chuo wala kwenye mihadhara ya Kiingereza. Uko kwenye viganja vya wazee, na unatoka kwa Kijapani tu. Leo nafanya kazi ya pampu za umwagiliaji. Nikisimama kando ya moja inayonguruma, najua kuna jambo inalolisema, na najua palikuwa na mtu aliyetaka kunifundisha kulisikia.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba Mswahili ana mlango ambao wengi hawana. Kijapani kina irabu tano, zile zile zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Neno la kigeni likiingia, wao na sisi tunalivika nguo zinazofanana: sisi basi, wao *basu*, sisi shati, wao *shatsu*, sisi hoteli, wao *hoteru*. *Nani* ni swali huku na kule, ila kwao maana yake ni "nini". Nilipoanza kusoma kwa dhati, nikiwa tayari nimerudi Tanga, mwalimu wangu wa mtandaoni alidhani nimeishi kule tangu utotoni, kwa matamshi tu. Wajapani nao wanakisoma Kiswahili. Chuo Kikuu cha Osaka kinacho kama somo kamili. Wao wametangulia kubisha hodi.

Kilichonisukuma kuanza ni habari ya Nagai. Agosti 2025, kwenye TICAD ya tisa, JICA ilitangaza kuunganisha miji minne ya Japani na nchi nne za Afrika ili wabadilishane watu na ujuzi. Tanzania iliunganishwa na Nagai, mji mdogo wa mkoa wa Yamagata uliokuwa mji mwenyeji wetu kwa Olimpiki ya Tokyo. Huku kwetu habari ikaandikwa kana kwamba tumekabidhiwa mji. Kule ikasomwa kwamba wahamiaji wanakuja kwa wingi. Simu zikafurika kwenye ofisi za manispaa, watu wakaandamana, na tarehe 25 Septemba mpango ukafutwa. Nilikuwa nasoma maoni ya Wajapani kwa tafsiri ya mashine, watu waliojaa hofu, na nilitaka sana kuwajibu. Nilikuwa na shahada ya kwao ukutani na sikuweza kuandika sentensi moja ya kuwatuliza. Bandari ilikuwa inahitaji marubani wiki ile.

Najua nitaambiwa muda hautoshi, kwamba uzamili wenyewe ni mzito. Ni kweli, ukisubiri ufike. Ndiyo maana naandika kwa ajili ya anayejaza fomu sasa hivi. Kati ya kutuma maombi na kupanda ndege hupita miezi mingi. Herufi za hiragana ni 46, na mtu wa bidii anazimaliza ndani ya wiki tatu. Kanji, zile alama zenye asili ya Kichina, za matumizi ya kawaida ni 2,136, na hizo hazina haraka. Mia mbili za kwanza zinatosha kukuingiza karakana. Na wanaofadhili, pamoja na wizara zetu zinazopitisha majina, nawaomba waweke miezi sita ya Kijapani kabla ya safari, iwe sharti. Fedha inayotumika kumlaza kijana miaka miwili Japani ni nyingi mno kumpeleka akiwa bubu.

Mwezi uliopita nilimwandikia mzee yule kwa Kijapani. Mistari sita, iliyonichukua jioni tatu. Nilimwomba radhi, nikamuuliza kuhusu *oto*. Amestaafu, lakini barua ilimfikia. Amejibu kwa mkono, kurasa nne, na michoro ya beringi pembeni. Niko ukurasa wa pili, na kamusi.